Kusikia kwa Ubongo: Mazoezi ya Watu Wazima Wenye Vipandikizi vya Koklea na Kazi ya Mwanaisimu

0. Utangulizi

Mtu aliyekuwa akisikia kama watu wote, kisha akawa kiziwi ukubwani, amepoteza sauti lakini hajapoteza lugha. Maneno aliyojifunza tangu utotoni yangali kichwani mwake, pamoja na sarufi yake, methali zake na utani wake. Kilichoharibika ni njia ya kuyafikia kutoka nje. Sababu za uharibifu huo ni nyingi: homa ya uti wa mgongo, uzee, kelele za migodini na viwandani, urithi wa ukoo, na hata dawa zenyewe. Streptomisini, iliyogunduliwa mwaka 1943 na kuokoa wagonjwa wengi wa kifua kikuu, pamoja na ndugu zake kama kanamisini, huweza kuua seli za sikio la ndani. Na seli hizo, kwa binadamu, hazioti tena.

Kwa mtu wa namna hiyo, ikiwa vifaa vya kukuza sauti havimfai tena, kuna upasuaji wa kumtia kipandikizi cha koklea. Magazeti hupenda kuandika kwamba kipandikizi humrudishia kiziwi masikio yake. Usemi huo unapotosha, na umewavunja moyo wagonjwa wengi katika majuma ya kwanza. Kinachorudi si usikivu wa zamani. Ni alama mpya, chache na hafifu, ambazo ubongo hauna budi kujifunza kuzisoma kwa kutegemea lugha uliyoihifadhi. Makala haya yanaeleza jinsi ubongo unavyofundishwa kazi hiyo, na kwa nini mafunzo yake hayawezi kuchukuliwa kutoka lugha nyingine na kutafsiriwa tu.

Ifahamike kwamba hapa hawazungumziwi watu waliozaliwa viziwi na kukua katika lugha ya alama. Hao wana lugha yao kamili, na kipandikizi kinachotiwa ukubwani mara chache huwawezesha kufahamu usemi kwa sikio peke yake, kwa sababu ubongo wao haukuwahi kujengeka juu ya sauti.

1. Chombo kinatoa nini

Sikio zima hufanya kazi kwa wingi. Ndani ya koklea, yaani ule mfereji mwembamba uliojizungusha mara mbili na nusu hivi mfano wa gamba la konokono, zimepangwa seli za vinyweleo zipatazo 3500 ambazo hupeleka habari za sauti kwenye neva ya kusikia. Neva yenyewe ina nyuzi 30.000 hivi. Kila sehemu ya mfereji huo ina sauti yake: karibu na mlango hupokewa sauti nyembamba, na kadiri mtu anavyokwenda ndani ndivyo sauti zinavyozidi kuwa nene. Kwa ufupi, ni marimba iliyokunjwa.

Wazo la kuipita seli iliyokufa na kuiamsha neva moja kwa moja kwa umeme lilijaribiwa Paris tarehe 25 Februari 1957 na André Djourno pamoja na Charles Eyriès. Mgonjwa wao alisikia kitu kama mlio wa nyenje. Kwa mazoezi aliweza kutambua mdundo wa usemi na maneno machache aliyozoezwa, lakini hakuweza kufuata mazungumzo. Chombo kiliharibika, kikabadilishwa, kikaharibika tena. William House alianza kazi kama hiyo Los Angeles mwaka 1961. Vyombo vya aina yake vilikuwa na njia moja tu ya umeme, hivyo vilitoa mdundo bila rangi ya sauti. Mabadiliko makubwa yalikuja na vyombo vyenye njia nyingi: Vienna mwaka 1977 kwa kazi ya Ingeborg na Erwin Hochmair, na Melbourne mwaka 1978 kwa kazi ya Graeme Clark, ambaye baba yake mwenyewe alikuwa mgumu wa kusikia. Mwaka 1991 Blake Wilson na wenzake, huko Marekani, walitangaza namna ya kupeleka mapigo ya umeme kwa zamu, elektrodi moja baada ya nyingine, ili mikondo isichanganyikane. Vyombo vya leo vimejengwa juu ya kazi hizo.

Hata hivyo elektrodi ni 12 hadi 22 tu, kutegemea kiwanda. Zaidi ya hayo, umeme husambaa katika majimaji ya koklea, hata elektrodi mbili jirani mara nyingi huamsha nyuzi zilezile. Majaribio yameonyesha kwamba watumiaji wengi hawanufaiki na njia zaidi ya 7 au 8. Kazi iliyokuwa ya maelfu ya seli imeachiwa vidole vinane vyenye glavu nzito.

Kuna tatizo la pili ambalo wasio wataalamu hulisahau. Uzi wa elektrodi mara nyingi haufiki mwisho wa mfereji, kule zinakopokewa sauti nene. Kwa hiyo sauti iliyokuwa ikiamsha mahali fulani sasa huamsha mahali pengine, palipozoea sauti nyembamba zaidi. Marimba ni ileile, ila nyimbo zote zimesogezwa upande mmoja. Ndiyo maana siku chombo kinapowashwa, kwa kawaida majuma machache baada ya upasuaji, wengi husema kwamba wanasikia filimbi, kengele au mashine, na kwamba mke, mume na watoto wote wana sauti moja, sauti ya kikaragosi.

2. Ubongo unajaza mapengo

Swali linalofaa kuulizwa ni hili: usemi unahitaji habari kiasi gani ili ueleweke? Mwaka 1995 Robert Shannon na wenzake waliwapa watu wenye masikio mazima usemi uliopunguzwa hadi mikanda minne tu ya mvumo, bila vidatu vya kweli vya sauti, na baada ya mazoezi watu hao walitambua karibu maneno yote ya sentensi rahisi mahali penye utulivu. Matokeo hayo yanaeleza kwa nini kipandikizi chenye njia nane kinaweza kufaa, na pia kwa nini kinashindwa mara tu kelele inapoingia.

Mwaka 1999, Stuart Rosen na wenzake wa London walifanya jaribio linalogusa zaidi mada hii. Waliwasikilizisha watu usemi wa mikanda minne uliosogezwa juu, mfano wa kipandikizi ambacho hakikuingia ndani vya kutosha. Mwanzoni wasikilizaji walikuwa kama waliosikia lugha ya kigeni: hawakupata hata neno 1 katika 100. Baada ya vipindi 9 vya dakika 20, yaani saa 3 kwa jumla, walipata maneno 30 katika 100. Masikio yao hayakubadilika, wala chombo hakikubadilishwa. Kilichobadilika ni uhusiano kati ya alama na maneno yaliyokwisha kuwemo kichwani.

Nguvu hiyo ya kujaza si ya viziwi peke yao. Mwaka 1970 Richard Warren aliondoa sauti moja katika neno lililomo ndani ya sentensi na kuweka kikohozi mahali pake. Wasikilizaji walisema neno walilisikia zima. Hata walipoulizwa kikohozi kilitokea wapi, hawakuweza kuonyesha mahali penyewe. Kila msikilizaji hukamilisha. Tofauti ni kwamba mwenye kipandikizi hukamilisha kutwa nzima bila kupumzika, na jioni huchoka kama mtu aliyeshinda akifanya mtihani. Uchovu huo usichukuliwe kuwa uvivu.

Maendeleo hayalingani kwa wote. Jambo lenye uzito mkubwa ni muda ambao mtu alikaa bila kusikia. Aliyekaa kiziwi mwaka 1 kwa kawaida hutangulia yule aliyekaa miaka 25, kwa kuwa katika ukimya mrefu ubongo hugawia kazi nyingine zile sehemu zilizokuwa za sauti, na kumbukumbu ya matamshi hufifia. Kwa wengi hatua kubwa huonekana katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza, na kuendelea polepole kwa mwaka mmoja au zaidi.

3. Mazoezi yenyewe

Mpango wa mazoezi unaotajwa mara nyingi ni ule wa Norman Erber wa mwaka 1982, wenye ngazi nne: kutambua kwamba sauti ipo, kupambanua sauti mbili, kulitaja neno lililosikika, na mwishowe kufahamu. Ngazi hizo zinamsaidia mwalimu kupanga kazi yake, lakini kosa la kawaida ni kumzuia mgonjwa asipande hadi amalize ngazi ya chini. Mtu mzima anayeijua lugha hafundishwi kama mtoto mchanga. Huweza kufahamu sentensi nzima kabla hajaweza kupambanua silabi mbili, kwa sababu sentensi humpa mahali pa kushika.

Zoezi bora kwa watu wazima huenda ni lile la kufuatisha matini, lililoelezwa na De Filippo na Scott mwaka 1978. Mtu mmoja husoma habari, kipande kwa kipande. Msikilizaji hurudia neno kwa neno. Asipopata, msomaji hurudia, hupunguza au husema kwa njia nyingine, wala hawaendelei mpaka kipande kimetimia. Mwishoni huhesabiwa maneno yaliyopita kwa dakika. Tuseme mke anamsomea mumewe:

– Jana jioni mvua kubwa ilinyesha sokoni.
– Jana jioni... bua kubwa?
– Si bua, baba. Ilinyesha. Mvua kubwa ilinyesha.
– Ah, mvua! Mvua kubwa ilinyesha... shuleni?
– Sokoni.

Katika mistari hiyo mitano sarufi, maana na sauti vimefanya kazi pamoja: kitenzi *ilinyesha* ndicho kilichofungua neno *mvua*. Hakuna mashine iliyohitajika. Inafaa tu msomaji akae upande wa sikio lenye chombo, midomo yake isionekane. Asifunike kinywa kwa mkono, maana mkono huharibu sauti yenyewe. Kitambaa chepesi kilichotandazwa mbele ya uso kinatosha.

Zoezi jingine la nyumbani ni kusikiliza kitabu kilichosomwa na kurekodiwa huku macho yakifuata maandishi, kisha kufunga kitabu na kusikiliza tena. Baadaye huja simu, redio, na mazungumzo ya watu wengi, ambayo ndiyo magumu kupita yote. Muziki ni habari ya peke yake, kwani kipandikizi hupeleka mdundo vizuri na mahadhi vibaya. Mwandishi Mmarekani Michael Chorost, aliyepoteza usikivu wote mwaka 2001, ameeleza jinsi alivyotumia *Boléro* ya Ravel kila programu ya chombo chake ilipobadilishwa, apate kujua kama kuna sauti iliyoongezeka.

Tangu miaka ya 2000 kompyuta nazo zimeingia. Qian-Jie Fu na John Galvin, Los Angeles, waliwapa watumiaji watu wazima mazoezi ya irabu na konsonanti nyumbani, saa 1 kwa siku, siku 5 kwa juma, kwa mwezi 1 au zaidi, nao wakapata maendeleo ya wazi. Lakini haifai kuyapamba matokeo ya namna hiyo. Paula Stacey na wenzake, Uingereza, mwaka 2010, walipowazoeza watumiaji 11, waliona maendeleo katika kupambanua konsonanti, si katika sentensi. Mapitio ya Henshaw na Ferguson ya mwaka 2013, yaliyokusanya tafiti 13 kuhusu mazoezi ya kompyuta kwa watu wenye upungufu wa kusikia, yaliona kwamba ushahidi haujawa imara. Mtu huwa hodari katika kile alichozoezwa. Kuhamisha ustadi huo hadi mezani, kazini au kanisani si jambo la hakika. Matangazo ya biashara yanayoahidi ubongo mpya kwa dakika kumi za mchezo yasipokewe bila kuulizwa.

Ikiwa mtu hupata kile anachozoezwa, basi swali la kumzoeza nini ndilo la kwanza. Na hapo mwanaisimu anaitwa.

4. Kiswahili kama lugha ya mazoezi

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza upasuaji huu mwaka 2017. Wagonjwa wanaosema Kiswahili si wa kufikirika tena, wala si lazima wafikie Ulaya au Bara Hindi kwanza. Orodha nyingi za mazoezi, hata hivyo, zimetungwa kwa Kiingereza, ambacho kina irabu nyingi, maneno ya silabi moja, na makundi ya konsonanti mwishoni mwa neno. Kuzitafsiri ni kupoteza kila kitu, maana kinachozoezwa si maana ya neno bali ni upambanuzi wake.

Irabu tano za Kiswahili ni baraka kwa msikilizaji huyu. Lakini si tano zote zinazoachana sawasawa. Katika *tia* na *tua*, kilele cha kwanza cha nguvu za sauti ya irabu ya kwanza karibu ni kilekile. Kinachotofautisha ni kilele cha pili, kilicho juu zaidi, ambacho kipandikizi mara nyingi hukichanganya. Kwa hiyo *tia* na *tua* ni zoezi gumu kuliko *tia* na *taa*, ingawa herufi zinatuonyesha tofauti iliyo sawa.

Kwa upande wa konsonanti, inajulikana kwamba mwenye kipandikizi hupata namna ya matamshi na ughuna kwa urahisi kuliko mahali pa matamshi. Jozi za mlinganuo finyu kama *faa* na *vaa*, *saa* na *zaa*, zinafaa kuanzia. *Paa*, *taa* na *kaa* zije baadaye, kwa sababu tofauti yao imo katika mpasuko wa kufumba na kufumbua. Na *noa*, *nyoa* na *ng'oa* huenda zikawa za mwisho kabisa, maana nazali zote tatu zina mvumo unaofanana, wala midomo haisaidii.

Ugumu mkubwa zaidi haumo katika mashina ya maneno bali katika viambishi. Kiswahili huweka nafsi, wakati na ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, katika silabi fupi zisizo na mkazo. *Utakunywa dawa hii* na *hutakunywa dawa hii* zinaachana kwa pumzi moja tu, ile ya *h*, sauti dhaifu kuliko nyingi. Feni ya hospitali inatosha kuimeza. Mgonjwa anayeondoka kwa daktari na jibu lililo kinyume hana njia ya kujua kwamba kuna kitu hakukisikia. Orodha ya Kiingereza isingekuwa na zoezi hilo kamwe. Katika Kiswahili lingestahili kuwa la kila siku, pamoja na *atakuja* na *hatakuja*, *alikuja* na *atakuja*.

Sarufi hiyohiyo, kwa bahati, inatoa dawa yake. Katika *vitabu vyangu vile viwili vimepotea* wingi umetajwa mara tano. Aliyekosa mara mbili bado amepata mara tatu. Upatanisho wa ngeli, ambao wanafunzi wa kigeni huulalamikia, ni msaada kwa sikio pungufu. Inafaa mazoezi ya sentensi yaujenge msaada huo kwa makusudi, kisha yaupunguze hatua kwa hatua.

Je, Kiswahili kipi? Katika Kiswahili cha Lubumbashi mara nyingi husikika *kitabu yangu*, na msaada wa upatanisho hupungua. Kwa upande mwingine, *anakuja* na *wanakuja* za Kiswahili sanifu zinaachana kwa nusu irabu laini, ilhali *anakuya* na *banakuya* za Katanga zinaachana kwa kipasuo ghuna kinachoonekana hata midomoni. Hapo msemaji wa Lubumbashi amebarikiwa kuliko wa Unguja. Vilevile *hautakuja* inayosemwa na wengi huonyesha ukanushi wake wazi zaidi kuliko *hutakuja*. Kuna pia wasemaji wasiotofautisha *l* na *r*, wala *dh* na *z*: kuwapa jozi za sauti hizo ni kuwatahini katika tofauti ambayo hawakuwa nayo hata walipokuwa na masikio mazima, kisha kuandika katika faili kwamba chombo hakifanyi kazi.

Tena Mkongo hana lugha moja. Kilingala ni lugha yenye toni: *moto* kwa toni za chini ni mtu, na *motó* yenye toni ya juu mwishoni ni kichwa. Kipandikizi hupeleka vidatu vibaya, na watafiti wa Kichina wamekwisha kuonyesha jinsi toni zinavyowasumbua watumiaji wake. Kiswahili, kisicho na toni na chenye mkazo unaotabirika kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kingefaa kuwa lugha ya kuanzia, hata kwa mtu ambaye nyumbani husema Kiluba au Mashi. Isipokuwa kwa hesabu: sokoni wengi hutaja bei kwa Kifaransa, na huko *treize* na *seize* zinangoja.

Vifaa vyenyewe si vya gharama. Zinatakiwa sauti zilizorekodiwa vizuri mahali patulivu, za mwanamke na za mwanamume, za kijana na za mzee, kwa Kiswahili kinachosemwa nyumbani kwa mgonjwa. Jozi za sauti zilizopangwa kwa ugumu uliopimwa, si uliokisiwa. Na sentensi fupi za maisha ya kila siku, kila moja ikiwa imewekewa alama ya idadi ya viambishi vyake. Mwanafunzi wa licence mwenye kinasa sauti kizuri na wasemaji kumi wa mtaa mmoja anaweza kuanza na *utakunywa* na *hutakunywa*.